Mti Mkubwa na Kichaka Chini Yake

Mara nyingi sisi huulizwa na wazee wa watoto wetu wa chuoni: "Maalim, mbona mwasumini wetu ulio chini ya mwarobaini hauchanui tena, hali miaka ya mwanzo ulikuwa ukijaa maua?" Na baadhi yao huwa wamekwisha kunoa shoka. Twawaomba wangoje kidogo.

Mti na kichaka vipandwapo siku moja, kichaka ndicho kitanguliacho. Hukua upesi, hunywa maji, na huweza kuufunika mche wa mti ukafa. Miaka ikipita zamu hugeuka: mti hutanua matawi, mizizi yake huenea, na kichaka kipendacho jua hudhoofika. Huo si uadui, bali kila umri una haja yake.

Mwenye kutaka mfano mkubwa wa jambo hili na aende Bamburi, Mombasa, katika bustani iitwayo Haller Park. Hapo palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu la matumbawe. Mwaka 1971 Bwana René Haller alijaribu miti ya aina 26, zikaokoka aina 3 tu, mojawapo ni mvinje. Mvinje hustahimili ufukara wa ardhi kwa kuwa mizizini mwake mna vijidudu vinavyotwaa naitrojeni hewani na kuulisha mti. Lakini majani yake makavu yalirundikana pasipo kuoza, hata wakaletwa majongoo, wakayala na kuyageuza udongo mweusi. Mivinje ikapunguzwa, mwangaza ukashuka, na miti mingine na vichaka vikapata pa kuota. Ajabu ni kwamba miche ya mvinje haipendi kivuli, wala haistawi chini ya mama yake. Mivinje ile iliwatengenezea wengine mahali.

Basi yatupasa tufanye nini? Kwanza, tuuache mti nafasi ya ukubwa wake wa kesho, si wa leo. Pili, mwasumini na mwaridi tuviweke ukingoni penye jua, na chini ya mti tupande vistahimilivyo kivuli, kama mbuni. Tatu, tupogoe matawi ya chini kabla ya kufikiri kuukata mti.

Twayasema haya kwa kuwa sisi wenyewe tulikosa. Uani mwa chuo chetu tuliukata mwarobaini mzima ili kuyaokoa maua. Maua tuliyapata, lakini kaskazi ilipoingia watoto wakasoma juani, na mwalimu hakuwa na la kuwaambia.

Tumekwisha kupanda mwingine. Kwa umri wetu huenda tusikae kivulini mwake. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu apandapo mti, wakala katika mti huo mtu au ndege au mnyama, huwa ni sadaka yake. Vijana wetu, shoka iwekeni; leteni kwanza maji.