Gorogoro Mbili kwa Ajili ya Jirani

Ndugu mkulima, mwezi huu tunasema na akina mama. Lakini wewe mzee usiufunge ukurasa huu, kwa maana mahindi tutakayoyataja yatatoka katika ghala lako pia.

Kiamunyi iko magharibi ya mji wa Nakuru, kando ya barabara iendayo Kabarak na Eldama Ravine. Mashamba makubwa ya zamani yamekatwakatwa viwanja. Nyumba ya mawe imesimama karibu na kipande cha mahindi, na nyuma yake kuna vyumba vya kupangisha. Mwenye ng'ombe wa maziwa na mwenye kuishi kwa kibarua cha kupalilia ni majirani, na watoto wao huenda shule moja. Tofauti ni kwamba kibarua kikikosekana siku tatu, katika nyumba moja moto hauwashwi. Katika skimu zetu hali ni hiyo hiyo. Yuko mwenye ekari zake, na yuko aliyebaki bila ardhi, naye hulima ya wengine.

Vyama tunavyo tayari

Kusaidiana si jambo la kufundishwa na afisa. Wakikuyu wana ngwatio na Wakamba wana mwethya: watu hukusanyika wakalima shamba la huyu leo, na la yule kesho. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952. Katika miaka ya 1960 akina mama wengi wa sehemu za Kati walifanya vikundi vya mabati. Kila mmoja alitoa shilingi chache, nyumba ya mmoja ikaezekwa, kisha wakaenda kwa mwingine, mpaka nyasi zikaondoka juu ya nyumba zao. Kazi hiyo ilifanywa na mikono ya wanawake waliokuwa na jembe na kiondo tu.

Leo vyama vimejaa kila mahali. Akina mama hukutana, kila mmoja hutoa fedha sawa, na jumla hupewa mmoja kwa zamu. Ni kazi njema sana, wala hatuikosoi. Lakini ina pengo moja. Mama aliye maskini kabisa hayumo ndani. Hawezi kuingia kwa sababu hawezi kutoa. Fedha ya mzunguko hurudi kwa yule aliyeitoa, kwa hiyo ni akiba, si msaada. Basi swali letu ni hili: chama chenu kinamfanyia nini yule asiyeweza kuingia?

Njaa isiyotangazwa redioni

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel huko Solai, katika kaunti yetu ya Nakuru, lilipasuka, na watu zaidi ya 40 wakafa. Nchi nzima ilisikia, na misaada ikatoka pande nyingi. Watu wetu hawana moyo mgumu wakiona msiba mkubwa.

Lakini njaa ya nyumba moja haitangazwi redioni. Nayo ina miezi yake. Mahindi yetu hupandwa Machi na Aprili, na huvunwa kuanzia Oktoba. Kufika Juni na Julai ghala nyingi ni tupu, na bei sokoni imepanda. Hapo ndipo mtoto huanza kukosa shule, si kwa utoro, bali kwa sababu mama yake amemwita kulea mdogo ili yeye atafute kibarua. Mtoto huyo akikaa nyumbani muhula mmoja, ni vigumu kumrudisha. Kwa hivyo msaada unaofika Julai unaweza kumbakiza mtoto darasani.

Fedha ikitawanywa hupotea

Tufanye hesabu. Chama kina akina mama 20. Kila mmoja anatoa shilingi 100 kwa mwezi, mbali na fedha ya mzunguko. Kwa miezi mitatu ni shilingi 6,000. Wakigawa kwa nyumba 20, kila nyumba itapata shilingi 300. Itanunua unga na mafuta kidogo, na baada ya siku chache hakuna mtu atakayejua kwamba msaada ulipita.

Sasa waiweke yote katika nyumba moja. Tangu Oktoba 2024 matibabu yetu yako chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, na kiwango cha chini kilichowekwa kwa nyumba isiyo na mshahara ni shilingi 300 kwa mwezi, au 3,600 kwa mwaka. Chama kikimlipia mjane mwaka mzima, kinabaki na shilingi 2,400 za sare ya shule au za kuku wa kuanzia. Nyumba hiyo imesimamishwa. Baada ya miezi mitatu chama kinakwenda kwa nyumba nyingine, kama vile mabati yalivyokwenda nyumba kwa nyumba.

Akina mama wa nchi za mbali pia wameliona jambo hili. Katika mji wa Jackson, jimbo la Michigan, Marekani, mama mmoja aitwaye Karen Dunigan alisikia mwaka 2006 kwamba kituo cha afya kilihitaji vitanda vya watoto wachanga wa akina mama maskini. Badala ya kuzunguka na bahasha mwaka mzima, aliwaita wanawake na kuwaomba kila mmoja atoe dola 100. Walikaa saa moja tu, na wakaondoka wamechanga dola 12,800. Hapo ilianza desturi iitwayo 100 Women Who Care, ambayo imeenea katika miji mingi. Wanachama hutaja mashirika ya mahali pao yanayosaidia watu. Majina matatu huchaguliwa kwa kura ya bahati, na kila moja huelezwa kwa dakika chache. Kisha wote hupiga kura, na fedha yote huenda kwa shirika lililoshinda, hata ile ya mama aliyependa jingine.

Dola si shilingi, na Jackson si Kiamunyi. Lakini mambo mawili tunaweza kuyachukua bila gharama: kutoa kwa usawa, na kupeleka yote mahali pamoja.

Mahindi ni fedha pia

Mama asiye na shilingi mkononi mwezi wa Novemba ana mahindi. Kila mmoja akileta gorogoro mbili wakati wa mavuno, akina mama 20 wana gorogoro 40, nazo hujaza gunia la kilo 90 au karibu yake. Gunia hilo liwekwe hadi Juni. Gorogoro mbili hazionekani katika ghala lililojaa, lakini gunia moja huonekana sana katika nyumba isiyo na kitu.

Lakini angalieni. Msitoe mahindi yaliyoota ukungu mkisema ni ya maskini. Ukungu huleta sumukuvu, na sumu hiyo huua. Pimeni ukavu hivi: twaa chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi mpaka theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga na utikise dakika moja, kisha uiache dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yaanikwe tena. Isiposhika, yaanikeni siku moja zaidi kwa usalama, kisha myatie katika mfuko usiopitisha hewa ili fukusi wasiyaharibu.

Mashauri ya kuanza

Kwanza, fedha ya msaada iwe na daftari lake na akaunti yake. Isichanganywe na ya mzunguko. Watu watatu watie sahihi kabla haijatoka, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mkutano.

Pili, kiandikisheni chama. Sheria ya Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi cha kawaida kiwe na watu wasiopungua 10, na kiwe na katiba. Afisa wa Maendeleo ya Jamii wa kaunti ndogo yenu atawaonyesha njia.

Tatu, andikeni mapema ni nani atakayesaidiwa kwanza: mjane mwenye watoto wadogo, mgonjwa, bibi anayelea wajukuu. Sheria ikiandikwa kabla ya majina kutajwa, hakuna atakayesema mwenyekiti amempa dada yake. Na anayetoa jina la jamaa yake asipige kura siku hiyo.

Nne, tazameni kwanza haki yake kwa Serikali. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na una nafasi pia ya yatima na ya walemavu wasiojiweza. Kama bibi hajaandikishwa, mama mmoja aandamane naye hadi ofisi ya chifu. Safari hiyo ya asubuhi moja inaweza kumfaa kuliko mchango wa mwaka.

Tano, kama kuna kanisa, msikiti au nyumba ya watoto iliyoandikishwa inayofanya kazi hiyo vizuri, wapeni wao mchango wenu badala ya kuanza kazi ya pili kando yao. Lakini waombeni hesabu. Mtu mwaminifu hakasiriki akiulizwa hesabu.

Sita, mfichieni jirani aibu yake. Siku hizi kila mtu ana simu, na tumeona unga wa kilo mbili ukipigwa picha na watu kumi. Msaada si ngoma. Pelekeni jioni, mama wawili tu, na mazungumzo yawe ya kawaida. Watoto wake wasije wakachekwa shuleni.

Neno la mwisho

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Neno hilo ni la yule anayesaidiwa pia. Mama akishasimama, kuku wakitaga, msimkataze kuleta gorogoro yake moja wakati wa mavuno. Isiwe deni, wala isiandikwe kama deni. Ila siku atakapoileta mwenyewe, mpisheni aketi katikati yenu, na jina lake liingie daftarini. Siku hiyo atakuwa mwanachama, na lile pengo tulilolitaja litakuwa limezibwa kwa mtu mmoja.

Katika mkutano wenu ujao, baada ya mzunguko kwisha na kabla chai haijamiminwa, mmoja wenu asimame aulize: nani jirani yetu ambaye moto wake haukuwaka jana?