RANGI HUFICHA, MTI HUSEMA

Siku moja mwalimu wetu wa sanaa alituletea kitabu chenye picha za sanamu nne za mbao: Mathayo, Marko, Luka na Yohana, wameketi na vitabu vyao. Mimi nikakurupuka, "Mwalimu, hizi hazijamalizwa! Rangi iko wapi?" Darasa zima likacheka. Mwalimu hakunijibu, aliniambia tu nitazame tena.

Sanamu hizo zilichongwa na Mjerumani Tilman Riemenschneider kati ya 1490 na 1492, kwa madhabahu ya kanisa la mji wa Münnerstadt. Leo zimo katika jumba la makumbusho la Bode, mjini Berlin. Enzi zile sanamu nyingi za kanisani zilipakwa rangi na dhahabu zikametameta. Riemenschneider hakufanya hivyo. Aliacha mti wenyewe uonekane.

Hilo si jambo rahisi ati! Mjomba wangu ni seremala. Ubao ukipasuka yeye hujaza puti, akapaka rangi, na mnunuzi hajui lolote. Asiyepaka rangi hana pa kujificha, maana kila kosa la patasi litaonekana. Ndiyo sababu mchongaji alihitaji mti laini kama ule wa lindeni. Tena wachongaji wa huko walizoea kuchimba mgongo wa sanamu ukawa wazi kama mtumbwi, ili mti ukikauka usipasuke usoni.

Basi bila rangi, kazi hufanywa na mwanga. Mkunjo wa nguo uliochimbwa sana hushika kivuli, na shavu lililolainishwa hung'aa. Mwanga ukisogea, uso nao ni kama unabadilika.

Lakini sikuwa peke yangu katika kosa langu! Mnamo 1504 Veit Stoss, mchongaji mwingine mashuhuri, aliajiriwa kuipaka rangi kazi hiyo. Baadaye rangi ikaondolewa, na mti ukaonekana tena.

Kwa hivyo, mwenzangu, ukikutana na sanamu ya mti usiulize kwanza imepambwa vipi. Tafuta njia ya patasi. Tazama vivuli vinaangukia wapi. Ukiweza, zunguka uchungulie mgongo. Mimi nilitazama mara ya pili, nikamwendea mwalimu na kumwambia, "Zimemalizwa, mwalimu. Ni macho yangu yaliyokuwa hayajamaliza."