GL-4 au GL-5? Kosa dogo dukani linaloweza kuua giaboksi ya gari lako

Ingia duka la spea uulize oili ya gia. Swali utakalorudishiwa mara nyingi ni moja tu: "Nzito au nyepesi?" Ukisita kidogo, muuzaji anakushushia kopo. "Chukua hii bosi, GL-5, ndiyo kali kuliko zote."

Unalipa, unaondoka. Tano si kubwa kuliko nne?

Baada ya muda gia ya pili inaanza kukwaruza kila ukiiingiza. Unampelekea fundi, anakwambia giaboksi imekwisha, ishushwe. Kumbe huenda tatizo lilianzia kwenye lile kopo.

Kama unaendesha gari la manyuali, iwe Hiace ya abiria, Hilux au kirikuu cha mizigo, haya ndiyo mambo ya kujua kabla hujanunua.

GL-5 si "toleo jipya" la GL-4

Herufi GL ni daraja la oili ya gia lililowekwa na API, taasisi ya mafuta ya Marekani. Namba inayofuata haipimi ubora. Inaonyesha oili hiyo imetengenezwa kwa kazi gani.

GL-5 imetengenezwa hasa kwa ajili ya difu. Mle ndani, meno ya pinioni na krauni yanasuguana huku yakiteleza, tena yakiwa yamebeba uzito mkubwa. Ndiyo maana GL-5 ina kemikali nyingi za salfa na fosforasi, zinazotengeneza utando mgumu juu ya chuma ili meno yasilane.

GL-4 ina kiasi kidogo cha kemikali hizo, na ndiyo inayotakiwa kwenye giaboksi nyingi za manyuali.

Kwa nini GL-5 inaweza kuharibu giaboksi?

Ndani ya giaboksi kuna vipete vya madini ya njano, jamii ya shaba. Ukikanyaga klachi na kubadili gia, vipete hivi hubana kidogo ili kulinganisha mwendo wa gia inayoingia na shafti yake. Vikifanya kazi vizuri, gia inaingia laini.

GL-5 inaweza kuvisumbua kwa njia mbili. Kwanza, oili inayoteleza kupita kiasi inafanya kipete kishindwe kubana, ndipo unasikia ule mkwaruzo. Pili, ule utando unaokinga chuma unaishika shaba kwa nguvu. Unapobanduka, unaondoka na shaba yenyewe kidogo kidogo. Chuma kinabaki salama, kipete kinaisha.

Tuwe wa haki pia: zipo giaboksi ambazo mtengenezaji mwenyewe ameruhusu GL-5. Subaru nyingi za manyuali ni mfano, kwa sababu giaboksi na difu ya mbele vinatumia oili moja. Zipo pia oili zilizotengenezwa zisidhuru shaba, na kopo lake litaandikwa kuwa linafaa kwa GL-4 na GL-5. Kwa hiyo anayeamua ni mtengenezaji wa gari, si muuzaji wa dukani.

Usigeuze kosa upande wa pili

Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Hiace au Hilux, lina giaboksi mbele na difu nyuma. Hivyo ni vyumba viwili, na kila kimoja kina oili yake. Ukiweka GL-4 kwenye difu inayotaka GL-5, meno ya pinioni na krauni ndiyo yatakayolika. Usikubali fundi anayenunua kopo moja "limalize kote" kabla hajaangalia kila sehemu inataka nini.

Na 75W-90 maana yake nini?

Huo ni uzito wa oili. Namba yenye W inaeleza inavyokuwa kwenye baridi, na ya mwisho inaeleza inavyokuwa ikiwa moto. 75W-90 na 80W-90 zikishapata moto zinakaribiana. Tofauti utaiona zaidi asubuhi ya baridi, kwa mfano Njombe au Makete mwezi Julai, ambapo 75W inatembea haraka na gia haziwi ngumu.

Usiogope kuona 90 wakati oili ya injini ni 40. Vipimo hivyo ni viwili tofauti, kwa hiyo 90 ya gia si nzito mara mbili ya 40 ya injini.

Utajuaje gari lako linataka ipi?

Angalia kitabu cha gari. Magari mengi yetu yametoka Japani yakiwa yametumika, na kitabu kikiwepo huwa cha Kijapani. Usikitupe! Alama kama GL-4 na 75W-90 huandikwa kwa herufi hizi hizi tunazosoma sisi.

Kama kitabu hakipo, chukua namba ya modeli kwenye kibati cha gari, kisha utafute mtandaoni ukitumia namba hiyo, si jina la gari tu. Usikisie, kwa sababu zipo giaboksi za manyuali zinazotaka oili ya otomatiki au hata ya injini.

Siku ya kubadilisha

• Tembeza gari kidogo oili ipate moto, kisha liegeshwe sehemu tambarare.

• Fundi afungue kwanza nati ya kujazia, ndipo afungue ya kumwagia. Akimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma, umebaki na giaboksi kavu.

• Angalia oili ya zamani. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ya nati ni kawaida. Vipande vya chuma si kawaida.

• Kwenye giaboksi nyingi, oili inajazwa mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.

Kama tayari umeweka GL-5?

Usipaniki. Uharibifu huu hautokei kwa siku moja. Imwagwe, iwekwe inayotakiwa, kisha sikiliza gia kwa siku kadhaa. Mkwaruzo ukiisha, umeokoa hela ya kushusha giaboksi. Ukiendelea, fundi aangalie klachi kwanza, kwa sababu klachi isiyoachia vizuri nayo inakwaruza gia. Klachi ikiwa nzima, hapo ndipo mzungumze habari ya vipete.

Kwa hiyo safari ijayo dukani, usiombe "oili ya gia" tu. Taja GL na uzito wake, kisha geuza kopo usome mwenyewe kabla hujatoa hela.