Mizani ya Miwa Bondeni Ruhembe

Msafiri aiachaye njia kuu ya Iringa pale mjini Mikumi, akaishika ile iendayo Kidatu, hulifikia bonde la Ruhembe, wilayani Kilosa, ambako miwa ya Kampuni ya Sukari Kilombero na miwa ya wakulima wadogo imepakana shamba kwa shamba. Mkulima mdogo huyu aghalabu hana pengine pa kuuzia, kwani muwa uliokwisha kuchomwa na kukatwa hupoteza utamu siku hata siku, na huko huko kiwandani ndiko upimwapo uzito na kiwango cha sukari, vipimo viwili viamuavyo malipo yake.

Msimamizi wa haya yote ni Bodi ya Sukari, kwa sheria ya mwaka 2001. Ilhali Serikali yenye bodi hiyo ndiyo iliyobakiza asilimia 25 ya hisa za kampuni ilipobinafsishwa mwaka 1998, Illovo ya Afrika Kusini ikawa mbia mkuu. Simtuhumu mtu kwa rushwa, wala rushwa si sharti: hakimu mwenye fungu katika faida ya mmoja wa wadai, hata akiwa mwadilifu, insafu yake haina budi kutiliwa shaka.

Mwanauchumi George Stigler wa Chicago alieleza mwaka 1971 kwamba kanuni za serikali mara nyingi huishia kuwatumikia wale zilizokusudiwa kuwadhibiti. Kwetu, wenye viwanda ndio waliopewa vibali vya kuagiza sukari ya kuziba pengo, ili sukari rahisi ya nje isiwaangamize. Hoja nzito, lakini yamfanya mzalishaji anufaike na upungufu wake mwenyewe. Mvua za El Niño zilipoharibu mavuno na bei kupaa mapema mwaka 2024, Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikampa ruhusa ya kuagiza Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Wenye viwanda wakalalamika, na mbunge Luhaga Mpina, aliyemtuhumu Hussein Bashe, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, kuhusu vibali, akasimamishwa vikao 15 vya Bunge.

Kwa rai yangu, hapo mamlaka ilitoka ukingo mmoja ikaangukia wa pili, kwa kuwa Serikali sasa ni mbia, mtoa vibali na mfanyabiashara kwa pamoja. Naye mkulima wa Ruhembe hapati nafuu kwa lolote kati ya hayo. Linalomfaa ni mpimaji wa Bodi asiyelipwa na kiwanda, asimame mizanini msimu mzima, na kila sampuli igawanywe mara mbili, fungu la pili litiwe muhuri, mkulima akibisha lipimwe kwingine siku ile ile, kabla malipo hayajaandikwa.