Utalii Endelevu: Tupime Nini Zaidi ya Idadi ya Wageni?

Mkulima wa chai hahesabu vikapu. Husubiri mizani katika kituo cha kununulia chai, kwa kuwa analipwa kwa kilo. Biashara za utalii, hata hivyo, mara nyingi hupimwa kwa idadi ya wageni tu, hesabu isiyoonyesha mgeni ameacha nini akishaondoka.

Utalii ni endelevu iwapo unawanufaisha wenyeji mwaka baada ya mwaka bila kumaliza maji, misitu na utamaduni unaowavutia wageni. Mfano ni Mto Nyangores. Hutoka Msitu wa Mau, huporomoka Tenwek, hupita mjini Bomet, kisha huungana na Amala kuwa Mto Mara, ule unaovukwa na nyumbu katika Maasai Mara. Hoteli moja ikimwaga maji taka mtoni, hasara huwafikia wote walio chini yake.

Tangu 2002, shirika la Ecotourism Kenya limekuwa likizipa hoteli na kambi madaraja ya shaba, fedha na dhahabu. Daraja hilo hupewa biashara moja moja. Lakini wenye hoteli, waongoza watalii, wahudumu wa bodaboda, vikundi vya utamaduni na wakulima wa mboga hutegemea mto na barabara ile ile. Inafaa wapime pamoja, wakianza na mambo matatu:

Maji: Soma mita mwanzo na mwisho wa mwezi, kisha ugawe lita kwa idadi ya wageni waliolala. Tuseme zimetumika lita 30,000 na wamelala wageni 100, kila mmoja usiku mmoja. Hiyo ni lita 300 kwa mgeni.

Pesa: Katika kila shilingi 100 zilizotumika, ni ngapi zimelipwa wenyeji kwa maziwa, mboga, nyama na mishahara?

Ajira: Ni wafanyakazi wangapi wanaobaki kazini baada ya msimu wa nyumbu, Julai hadi Oktoba?

Hesabu ziandikwe kila mwezi kwa njia ile ile na kusomwa mbele ya kundi zima. Lita kwa kila mgeni zikipanda, huenda bomba linavuja. Shilingi za wenyeji zikipungua ilhali wageni wanaongezeka, mboga zinanunuliwa kwingine, na mkulima wa karibu anabaki kuyatazama magari ya watalii yakipita.