Alizeti Pori: Mbolea Inayoota Bila Kupandwa

Masika yakikatika, kingo nyingi za barabara zinazotoka mjini Morogoro kupanda milima ya Uluguru hugeuka njano. Ni alizeti pori hiyo, kichaka kinachompita mtu mzima kwa urefu. Abiria wanaoteremka kituo cha mabasi cha Msamvu kutoka Dar es Salaam, Iringa au Dodoma na kuendelea milimani huyapita maua hayo bila kuyatupia jicho la pili.

Ua lake lina mengi ya kuonyesha. Ukilishika na kulikagua kwa karibu, unagundua kuwa ni kundi la maua. Katikati yamesongamana maua madogo madogo, nayo ndiyo yanayozaa mbegu. Yale ya pembeni, yenye ulimi mrefu wa njano, hayazai kitu. Kazi yake ni kuita nyuki. Hivyo ndivyo lilivyo hata ua la alizeti ya shambani, kwa kuwa mimea hii ni ya ukoo mmoja. Alizeti pori asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Ililetwa Afrika kama pambo na uzio, kisha ikatoka bustanini ikajitawanya yenyewe.

Wakulima wengi huifyeka na kuiacha ikauke. Hapo wanapoteza mali. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya miaka ya 1990 ulionyesha kuwa majani yake makavu yana naitrojeni kama asilimia 3.5, potasiamu asilimia 4 na fosforasi karibu asilimia 0.4. Yakifukiwa yangali mabichi, huoza upesi na kuanza kuulisha mmea ndani ya wiki chache.

Morogoro nayo ina ushahidi wake. Mwaka 2006 watafiti Ikerra, Semu na Mrema walichapisha matokeo ya kuchanganya majani haya na fosfeti ya Minjingu, ile inayochimbwa mkoani Manyara, katika mashamba ya mahindi mkoani humu. Udongo mwekundu wenye tindikali huing'ang'ania fosforasi, mahindi yakabaki na njaa ilhali chakula kipo. Majani yanapooza hupunguza ung'ang'anizi huo, na mchanganyiko huo uliongeza mavuno.

Kwa Waluguru, wenyeji wa milima hii, rutuba ni jambo zito. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na mara nyingi jembe lilileta juu udongo wa chini usio na nguvu. Mwaka 1955 ghasia zililipuka huko Matombo, Uluguru, na mpango huo ukaachwa. Mbolea ambayo mkulima anaifuata mwenyewe kwa panga lake haihitaji amri ya mtu.

Ila jasho lipo. Hekta moja ikihitaji tani 5 za majani makavu, maana yake ni kukata na kubeba tani 25 au zaidi za mabichi, tena mlimani. Kwa shamba kubwa la mahindi haiwezekani. Inafaa zaidi kwenye vitalu na majaruba ya mboga, kama ya kabichi kule Mgeta, Uluguru, ambako eneo ni dogo na bei inarudisha nguvu iliyotumika. Tena mmea huu haunasi naitrojeni ya hewani kama maharage. Huifyonza udongoni palepale unapoota, kwa hiyo kichaka kimoja kisikatwe mfululizo bila kupumzishwa.

Wakati wa kukata nao una uzito wake. Kabla ya kuchanua, majani na vikonyo ni laini na vimejaa virutubisho, na mbegu hazijakomaa. Zikishakomaa, upepo na maji huzipeleka mbali. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, inapakana na mashamba pande nyingi, na ndani yake imo mimea isiyopatikana kwingine duniani. Wanaolima kwenye mpaka huo wasiipande alizeti pori hata kwa uzio. Ile iliyokwisha kuota ndiyo ya kuingia kwenye mashimo ya kabichi, nayo ikatwe ingali ya kijani.