Gitari ya Marehemu Haikuuzwa



Mwezi wa kumi na moja, mmoja wetu alileta gitari kwenye mkutano wa chama. Ilikuwa ya marehemu bwana yake. Alitaka tumsaidie kupata mnunuzi, kwa sababu kijana wake mkubwa alirudishwa nyumbani kwa kukosa pesa ya masomo. Tulinyamaza kidogo. Kisha mama mmoja akauliza: "Na kijana, anajua kuipiga?" Hakujua. Baba yake aliahidi kumfundisha, lakini kifo kikatangulia.

Tulikata shauri hivi: sanduku la chama limkopeshe mama pesa ya masomo, gitari ibaki, na wakati wa vakansi ya Noeli itumike kufundisha watoto wetu wote wanaopenda. Tulichagua Jumamosi asubuhi, maana jioni hatuachi mtoto atembee.

Wengine kati yetu walisita. Walisema gitari inapeleka watoto kwenye bare. Tuliwakumbusha "Usiku Mtakatifu", wimbo tunaouimba kila Noeli. Uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 huko Oberndorf, nchini Austria. Maneno ni ya padri Joseph Mohr, sauti ni ya mwalimu Franz Xaver Gruber, na usiku ule waliimba kwa kufuata gitari. Basi watoto wetu walianzia hapo.

Nyuzi tunazihesabu kuanzia ule mwembamba: Mi, Si, Sol, Re, La, Mi. Nafasi kati ya chuma na chuma kwenye shingo tunaiita chumba. Mwanzo wa wimbo uko wote juu ya uzi wa pili: chumba cha tatu, cha tano, cha tatu tena, kisha uzi mtupu. Ni Re, Mi, Re, Si. Kidole cha shahada kinapiga sauti hiyo, na dole gumba linagonga uzi wa tatu, Sol, kila mwanzo wa hesabu ya tatu. Siku ya kwanza dole gumba lilikuwa linakimbia au kulala. Tulimwambia kila mtoto apige dole gumba peke yake mpaka aweze kujibu swali bila kupoteza hesabu.

Vidole viwili si umaskini. Jean-Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya kule Katanga, alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukasikika mbali sana na Kongo. Hakuupiga sawasawa kila mara. Dole gumba lilishika njia, sauti ya juu ikazunguka na kurudi.

Hivyo ndivyo tulivyowafundisha watoto kubuni. Kwanza piga wimbo kama ulivyo. Mara ya pili badilisha sauti moja tu. Mara ya tatu acha nafasi, kisha ujibu, kama mama anayeitikia salamu. Ukipotea, rudi kwenye wimbo. Dole gumba lisisimame. Kila Mkongomani anaijua sebene: na yenyewe hujengwa kwa kurudia na kugeuza kidogo.

Jambo la mwisho liliwachekesha sana: kutelezesha. Mtindo huo ulienea kutoka Hawaii. Legeza uzi wa kwanza na wa sita vifike Re, na wa tano ufike Sol. Sasa nyuzi zote tupu zinaimba Sol pamoja. Vaa kipande kifupi cha tiyo ya chuma kwenye kidole cha mwisho, kingo zikiwa zimepigwa tupa zisikate. Usikandamize, gusa nyuzi tu, juu kabisa ya chuma chenyewe. Chuma cha tano kinatoa Do, cha saba kinatoa Re. Ukiteleza polepole, gitari inalia kama mtu.

Siku moja kabla ya Noeli, kijana alimpigia mama yake "Usiku Mtakatifu" mbele yetu. Alikosea mara mbili, akaendelea. Mama alifunika uso kwa kitenge. Wimbo ulipokwisha alisema tu: "Baba yako alikuwa anakosea palepale."

Mkopo anaurudisha kidogo kidogo. Gitari moja kwa watoto tisa haitoshi. Mwenye gitari iliyotundikwa ukutani, hata ikikosa nyuzi, atuletee. Baada ya Bonane tunaendelea, Jumamosi saa tatu asubuhi, na wamama pia wanaruhusiwa kujifunza.